Kilichokatwa Baada ya Salama

Msambweni hakuna asiyejua kwamba Twaiba Chirau ana hasira za karibu. Alipokuwa chuoni, bado mdogo, hajamaliza hata juzuu ya kwanza, alirudishwa nyumbani kwa sababu alimwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba fimbo alizocharazwa mtoto wa jirani zilimstahili mtoto mwingine, na huyo mwingine akamtaja kwa jina la ukoo. Baba yake, marehemu mzee Chirau, aliyekuwa akitengeneza redio kwenye kibaraza cha nyumba, alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Mama yake hakucheka. Alisema, "Domo hilo ulitafutie mume kiziwi." Mume alipopatikana hakuwa kiziwi, na ndoa haikukaa.

Kutoka kwenye redio za baba yake, Twaiba aliingia kwenye kompyuta. Alisomea Mombasa, akarudi, akafanya kazi za kuunga mitandao kwenye hoteli za Diani, ambako alifukuzwa mara moja na mara nyingine akajifukuza mwenyewe. Mwisho alipata kazi katika kampuni moja pale Ukunda, orofani, juu ya duka la rangi. Hapo alitulia. Ilikuwa kazi ya maji, naye amekulia kwenye foleni ya maji. Alijiambia kwamba hatimaye anafanya kitu ambacho hata mama yake angekielewa.

Kazi yenyewe inaelezeka. Huko vijijini kuna mabomba ya mkono, yale ya mpini mrefu ambao mama hupanda na kushuka nao mpaka dumu lijae. Kila bomba lina mtunzaji wake na msaidizi mmoja. Asubuhi kompyuta ya kampuni ilikuwa ikimtumia kila mmoja wao ujumbe kwenye simu: "Habari za bomba leo?" Mtunzaji alijibu, kompyuta ikasoma jibu, na kwenye ramani taa ya bomba lile ikawa ya kijani likiwa zima, nyekundu likiwa bovu. Taa ikiwa nyekundu, fundi Kisilu na wenzake walipakia vyuma kwenye pikapu wakaenda kutengeneza. Isipowaka nyekundu, gari halitoki. Ndiyo amri.

Twaiba alikuwa mwenye ramani. Taa, rangi, majina ya vijiji, yote hayo yalikuwa kazi ya mikono yake, na aliyapenda. Ile sehemu inayosoma majibu ilikuwa imeandikwa na bosi wake, Musyoki, kabla yeye hajaajiriwa. Musyoki alizaliwa papa hapa Kwale, kwenye skimu ya makazi ya Shimba Hills, ambako wazazi wake walipewa shamba. Akasomea Nairobi, akarudi na viatu vyeupe na kauli za haraka. Si mtu mbaya. Lakini alichokiandika yeye hakitaki kuguswa.

Mwaka ule ramani ilikuwa ya kijani kama shamba la mpunga. Mara moja moja iliwaka nyekundu kule Samburu, kwenye barabara kuu, ambako mtunzaji alikuwa kijana wa kuuzia madereva wa malori soda, asiye na muda na mtu. Akiulizwa habari za bomba huandika "Bovu" basi, na Kisilu huyo njiani. Siku nyingine zote mafundi walikaa chini ya ofisi wakicheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Kisilu alikuwa akipiga kelele ngazini, "Twaiba, tupatie hata nati moja ya kukaza! Tunaoza huku!" Naye akamjibu kwamba ashukuru, watu wanakunywa maji safi.

Ndipo habari ikaja kwamba wafadhili wanateremka Diani siku ya Jumatano kuiona ramani. Ikiwa mabomba ni mazima kiasi hicho, mafundi, gari na vipuri vyote vitahamishiwa kaunti nyingine ya bara wanakovihitaji zaidi. Musyoki alinunua shati jipya. Twaiba alinunua mchele na sukari, na Jumapili akapanda gari kwenda kumwona shangazi yake Esha, dada wa baba yake, huko Kidzumbani, ndani kabisa ukishapita Lunga Lunga. Alikuwa hajaenda siku nyingi. Siku ya Idi alipompigia simu, shangazi alijibu salamu kisha akakata, na Twaiba akadhani ni mtandao.

Bodaboda ilimshusha njia panda. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa shangazi mwenyewe, anatoka upande wa bwawani, dumu kichwani, kanga imelowa mabegani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuongeza "mwanangu".

"Habari za hapa?"

"Salama."

Twaiba alimpokea dumu, maji yakamwagika kidogo mkononi mwake. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliyatazama, akamtazama shangazi yake, akatazama kule lilipo bomba. Mpini haukuwapo. Kuku wawili walikuwa wanaparuza pale kwenye sakafu ya saruji iliyokauka.

"Bomba lina nini?"

"Bomba limekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Hasira za Twaiba hazina hodi. Aliliweka dumu chini kwa kishindo. "Limekufa na nyinyi mmenyamaza? Shangazi, mmepewa laini, mmefundishwa, mnaulizwa kila asubuhi, mnanyamaza? Mafundi wamekaa Ukunda wanacheza drafti! Wewe msaidizi na Tembo mtunza bomba ndio nilioandikisha nambari zenu kwa mkono wangu huu, nikijua ni watu wazima, kumbe!"

Bi Esha hakupandisha sauti. Alitoa simu kwenye pindo la kanga, akaifuta, akampa.

"Soma," alisema. "Usome kwa sauti, maana nilidhani hujui kusoma."

Twaiba akasoma. *Asalaam aleikum. Alhamdulillah sisi hatujambo. Ila bomba mpini umekatika.* Akashuka chini. *Salama mwanangu, hofu kwenu. Ila watu sasa wanakunywa maji ya bwawa.* Akashuka. *Salama. Ila watoto wanaharisha, tunaomba mafundi.* Akashuka tena. *Hujambo mwanangu. Sisi salama, ila mbona hujibu?*

Huo wa mwisho aliusoma mara mbili.

"Tulijua ni wewe," alisema shangazi. "Nani mwingine wa kutuuliza habari kila asubuhi? Nikasema, mtoto wa Chirau ana adabu, anaamka na kusalimia. Tunakujibu. Unanyamaza. Kesho unauliza tena, kana kwamba jana hatukusema. Mpaka nikasema haya, amekuwa mkubwa huyo, tumwache na ukubwa wake."

"Si mimi, shangazi. Ni mashine ile."

"Mashine?" Bi Esha aliinua dumu akajitwika tena. "Basi iambieni mashine isiulize habari ikiwa haitaki kuzisikia."

Walifika nyumbani. Twaiba alitua mchele na sukari jikoni, akauliza alipo Tembo, yule mtunza bomba, nyumba ya tatu kutoka hapo, amwendee amsalimie. Shangazi alikuwa anawasha moto.

"Tembo yupo. Leo usimwendee."

"Kwa nini?"

"Kasome huko kwenu alichokuandikia."

Jumatatu Twaiba alifika ofisini kabla ya mwenye duka la rangi kufungua. Hakuvua hata buibui. Alifungua ile sehemu ya Musyoki, akateremka mstari baada ya mstari, na hakuchukua muda kuliona, maana baya hilo halikujificha popote. Lilikaa wazi katikati ya ukurasa:

*jibu.split(/[.,]/)[0]*

Kwa asiyeijua kazi hii, maana yake ni ndogo sana. Kuna namna ya kuiandikia kompyuta alama fupi fupi, waandishi wa programu huiita regex, za kuiambia: ukikuta kitu cha sura hii ndani ya maandishi, kata hapo. Musyoki aliiambia ikate panapo nukta au mkato. Jibu likishakatwa linakuwa vipande, kama muwa. Na ile sifuri ya mwisho inasema nipe kipande cha kwanza, kwa kuwa kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Basi kipande cha kwanza kikisomwa, kikiwa na salama, au njema, au hatujambo, au alhamdulillah, au hata salamu tupu, taa ya kijani. Vipande vingine vyote havisomwi na yeyote. Ni sawa na mtu kukata samaki, akahifadhi kichwa, kiwiliwili akampa paka.

Lakini niambieni, ni nani kwenye pwani hii, mtu aliyelelewa, anayeulizwa habari akaanza na baya? Hata aliyefiwa, ukimuuliza habari za hapa atakwambia salama, ndipo avute pumzi akwambie ila baba hatunaye. Ile salama ni mlango tu, mtu anakufungulia uingie. Habari imekaa ndani, kwenye ila. Na hawa waliitengeneza mashine ikafika mlangoni, ikaambiwa karibu, ikageuka ikaenda kuandika kwamba imekwisha kuingia.

Twaiba aliiamuru kompyuta imtolee vipande vyote vilivyotupwa, tangu siku ya kwanza. Vilianza kushuka kwenye kioo, kijiji kwa kijiji. *Ila mnyororo umekatika. Ila maji yanatoka mekundu. Lakini tunachota kisima cha jirani na jirani amechoka. Ila lile bomba mlilotuletea halijatoa maji tangu mliposhuka garini.* Kulikuwa na mzee mmoja wa Tiwi aliyekuwa akiiuliza mashine hali ya watoto wake kila siku, na kila siku, baada ya hapo, akieleza kwa subira kwamba bomba limeoza kutu. Twaiba alicheka kidogo kwa huyo, cheko la uchungu. Kisha akafika Kidzumbani, kwa Tembo.

*Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ila jana tumemzika Mishi wangu, aliharisha siku mbili. Bomba bado.*

Mashine ilichukua "Hatujambo". Taa ya Kidzumbani, siku hiyo, ilikuwa ya kijani. Twaiba aliikumbuka rangi yenyewe. Alikuwa ameichagua yeye, kijani cha jani changa, kwa sababu aliona kinapendeza.

Mishi alimjua. Alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede, siku ile walipokwenda kuandikisha nambari, ameshikilia goti la baba yake. Twaiba alikaa na mikono mapajani. Hakulia.

Musyoki alipoingia, na kikombe chake cha kahawa, alimkuta amesimama mlangoni.

"Njoo usome hapa."

"Sasa hivi? Niko na slaidi za Jumatano—"

"Njoo usome, Musyoki."

Alisoma. Tusimsingizie, alibadilika uso. Alisoma tena, akaweka kahawa chini. Kisha ile akili ya kujitetea ikamrudia, kama inavyotujia sote, na hapo ndipo alipoharibu.

"Hii ni mbaya. Pole sana kwa hiyo familia," alisema. "Lakini Twaiba, hao watu tuliwafunza. Tuliwaambia andika nzima ama mbovu. Neno moja! Wakianza na stori za salamu, si makosa ya code."

"Mliwauliza habari! Ulitaka wakujibu nini?"

"Nilitaka jibu."

"Wewe umekulia Shimba Hills. Majirani zenu walikuwa nani? Mama yako alipokutuma moto kwa jirani, uliingia ukasema moto?"

Musyoki alikuna shingo. "Hiyo ni kitu ingine."

"Ni hiyo hiyo. Uliyajua haya tangu hujavaa suruali ndefu, ukaenda Nairobi ukayatupa kwenye mstari mmoja. Tuubadilishe sasa hivi. Kisilu yuko hapo chini."

"Haiwezekani. Mfumo tumeufunga mpaka Jumatano, hakuna kugusa kitu. Ukibadilisha leo, ramani ikageuka nyekundu yote, nitawaambia nini wale? Kwamba mwaka mzima tulikuwa tunawaonyesha upuzi? Tutarekebisha baada ya mkutano, polepole, kijiji kimoja kimoja."

"Baada ya mkutano mafundi hawapo."

"Ramani inasema hawana kazi."

"Ramani ni yangu, na inasema uongo!" Sauti ilishuka ngazi mpaka kwa wacheza drafti, vifuniko vikanyamaza. Musyoki alifunga mlango. Kisha, kwa upole ule wa ofisini unaouma kuliko tusi, akamwambia kwamba kuanzia saa hiyo hataweza kuufungua mfumo mpaka atakapotulia, na Jumatano avae vizuri, kwa maana wageni watapenda kumwona msichana wa hapa.

Msichana! Mwanamke ameolewa akaachwa, amelea wadogo zake wawili, amezika baba, leo ni msichana wa hapa.

Twaiba alichukua kompyuta yake akaenda kukaa kwenye ngazi. Majibu ya watu alikwisha kuyanakili. Aliandika regex yake mwenyewe, na hakuikata penye nukta wala mkato. Aliikata penye *ila*, na *lakini*, na *isipokuwa*, akaiambia ichukue kinachofuata, maana ndiko mtu wa huku anakoweka mzigo. Jaribio la kwanza lilimtia wazimu: kompyuta iliona *ila* ndani ya neno *kila*, ikakatakata "kila siku" za watu vipande viwili. Alitukana, tusi la kikwao ambalo baba yake hangelicheka, akaongeza alama za kuiambia ikate neno likisimama peke yake tu. Akaijaribu tena.

Kwenye kompyuta yake, ramani iliwaka kidogo kidogo. Kidzumbani nyekundu. Jirani yake nyekundu. Ikapanda hivyo mpaka Kinango, ikashuka mpaka Tiwi. Kisilu alikuwa amepanda ngazi na spana mkononi, anachungulia juu ya bega lake.

"Hiyo ni ya kweli?" aliuliza.

"Ndiyo ya kweli."

"Sisi tulikuwa hapa." Alisema hivyo mara mbili, sisi tulikuwa hapa, akaketi ngazi ya chini yake. "Lakini siwezi kutoa gari, dada. Taa lazima iwake kwenye ramani ya ofisi. Nikilitoa hivi hivi, wataniita mwizi."

Jumatano ukumbi wa hoteli ulikuwa baridi kama jokofu, mapazia yamefungwa mchana kweupe ili ramani ionekane. Ilitandazwa ukuta mzima, ya kijani, na watu waliingia wakisema "Oh!" Mkuu wa wageni alikuwa mama wa makamo kutoka Nairobi, Bi Kanyiva, mwenye miwani ya kamba na uso wa mtu asiyependa kupotezewa wakati. Musyoki alizungumza vizuri. Ana kipaji hicho. Alionyesha huku na huku, akasema hakuna mradi mwingine wenye mabomba mazima kiasi hiki, na kwamba timu ya mafundi sasa inaweza kwenda kuwafaa wengine.

Twaiba alikuwa amekaa kiti cha mwisho, ameshika simu yake yenye vile vipande. Alikuwa ameapa njiani: nikiguswa tu, naanza na baya. Nitaanza na Mishi. Sitasalimu mtu.

"Na huyu," alisema Musyoki, "ndiye Twaiba aliyechora ramani. Mzaliwa wa Msambweni."

Bi Kanyiva aligeuka akatabasamu. Alikuwa na umri wa mama yake.

"Shikamoo," alisema Twaiba, amekwisha kusimama.

"Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye unayewajua wenyewe. Haya tuambie, habari za mabomba huko vijijini?"

"Salama, alhamdulillah," alisema Twaiba.

Ilimtoka yenyewe. Ilitoka kwa mama yake na kwa nyanya yake, na kabla hajavuta pumzi ya kutamka linalofuata, Musyoki alipiga makofi. "Mmesikia wenyewe!" Ukumbi ukampokea kwa makofi, mhudumu akaanza kupitisha juisi, na Bi Kanyiva akainamisha kichwa kwenye karatasi zake kufunua ukurasa wa pili.

Twaiba alibaki wima. Kwa kitambo kidogo alijua hasa mahali Tembo aliposimama. Halafu damu ikampanda.

"Sijamaliza!"

Makofi yalikatika ovyo. Mhudumu alisimama na sinia.

"Sijamaliza kusema. Nimeulizwa habari nikasema salama kwa sababu nimelelewa. Hata nyumba yangu ikiwa inaungua, mama huyu akinisalimu nitamjibu vizuri, halafu nitamwambia inaungua. Nyinyi mmenipigia makofi kabla sijafika kwenye moto! Na ndivyo ramani hii inavyofanya. Watu wa huku wanasema salama, tunawakata hapo hapo, linalofuata tunalitupa. Kijani chote hicho mnachokiona ni salamu. Ni salamu tupu! Sasa nitawasomea tulichokitupa, na asiyetaka kusikia atoke."

Hakutoka mtu. Akasoma. Alisoma mnyororo uliokatika na maji mekundu, akamsoma mzee wa Tiwi anayewaulizia watoto wa mashine, akasoma za shangazi yake zote pamoja na ile ya mbona hujibu, na sauti yake haikuwa nzuri, ilikuwa inatetemeka kwa ghadhabu, anameza maneno. Ya Tembo aliiacha mwisho. Aliisoma polepole, hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila jana. Alipofika kwenye "Bomba bado" akaketi.

"Ni hitilafu ndogo ya programu," Musyoki alianza. "Tulikuwa na mpango—"

"Huyo mtoto alikuwa na umri gani?" aliuliza Bi Kanyiva.

Musyoki alimtazama Twaiba.

"Nilipomwona mwisho alikuwa anasimama dede," alisema Twaiba.

"Na gari la mafundi liko wapi?"

"Ukunda. Chini ya ofisi."

"Linangoja nini?"

Ukumbi mzima ulisubiri jibu la Musyoki, naye alilitoa, kwa sauti ndogo, akiangalia shati lake jipya. "Linangoja taa nyekundu."

"Basi iwashe," alisema Bi Kanyiva. "Iwashe hapa, tukiona."

Musyoki alifungua mfumo kwa mkono wake, akamsogezea Twaiba kiti, na Twaiba akaufuta ule mstari akaandika wake. Ramani ukutani iliwaka vile vile ilivyowaka kwenye ngazi. Hapakuwa na makofi. Mambo ya kuhamisha mafundi hayakutajwa tena siku ile, na chini kule Ukunda, Kisilu alikwisha kusikia simu ikilia, akamwaga vifuniko vya drafti mtaroni, akawasha gari.

Kesho yake Twaiba alikwenda nao Kidzumbani, amebanwa mbele kati ya Kisilu na mfuko wa vipuri. Walifanya kazi kutwa. Jua likiwa limeegemea, mpini mpya ulipanda ukashuka, bomba likakohoa kutu, likatapika tope, kisha maji yakaja meupe. Wanawake walipiga vigelegele. Shangazi Esha alikinga kiganja, akanywa, akamwita Twaiba mwanangu mbele ya watu. Ungedhani hapo hasira ingempoa.

Tembo alikuja mwisho. Alisimama kando, jembe begani, anayatazama maji yanavyokwenda. Amekonda. Alikuwa angali mtunza bomba, hakuna aliyethubutu kumvua, kwa hiyo Kisilu alimkabidhi funguo za akiba na kumwonyesha nati za kukaza, naye akaitikia kwa kichwa kwamba amefahamu. Twaiba alingoja mpaka Kisilu alipoondoka. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kumpa pole, na yote sasa aliyaona mepesi.

"Kaka Tembo. Habari za hapa?"

"Salama," alisema Tembo.

Twaiba hakuongeza neno. Alisimama, akangoja, kwa masikio yake yote. Alikuwa radhi kungoja mpaka giza liingie. Atukanwe, alaaniwe, aambiwe lolote, mradi safari hii lisikatwe.

Tembo alishusha jembe, akalisuuza kwenye maji yanayomwagika, upande huu na upande ule, akalirudisha begani.

"Mengine nilikwisha kuwatumia," alisema, akashika njia ya nyumbani kwake.